Ekundu Haina Kiambishi

Katika Kiswahili hakuna kitu kinachoitwa "ekundu" peke yake. Kuna kitambaa chekundu, damu nyekundu, macho mekundu, mti mwekundu. Ekundu ni mzizi, unangoja nomino ije iuvalishe kichwa ndipo utoke nje. Kwa hiyo siku niliposoma jina Ekundu Griffin kwenye karata ya Magic: The Gathering nilicheka kwanza, halafu nikatazama rangi yake. Ni karata nyeupe. Mnyama wa hadithi mwenye mabawa, nguvu 2, uimara 2, anaruka, anapiga kabla hajapigwa, na wekundu hana hata chembe.

Karata hiyo ni ya toleo la Mirage la 1996, miaka mitatu baada ya Richard Garfield kuuleta mchezo huu sokoni Marekani. Mirage, na matoleo ya Visions na Weatherlight yaliyofuata 1997, yanatupeleka Jamuraa, bara la kubuni lililoshonwa kwa vipande vya Afrika: simba, jangwa, misitu, falme, wachawi. Na majina. Mtenda, Shauku, Afiya, Zuberi, Rashida, Jabari, Hakim. Ukiyasoma kwa sauti kwenye kibaraza cha Msambweni, mzee aliye karibu atageuka adhani unaita watu.

Malalamiko yanajiandika yenyewe hapa, na nitayamaliza haraka. Mtenda ni mtu anayetenda. Kwenye karata ni jina la kabila au mahali, na limebandikwa kwa mchungaji, kwa simba na kwa griffin bila kujali anayetenda ni nani. Mwonvuli ni mwavuli aliyenyeshewa. Mihula mitatu ya isimu niliyosoma kabla ya kuacha chuo inanitosha kusema kwamba aliyeyatunga majina haya alikuwa na kamusi, hakuwa na sarufi.

Lakini tusijifanye watakatifu. Kopa, uru, shupaza na pau tumewachukulia Wareno, na turufu pia. Wazee wa pwani waliziita karata za picha wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni ghulamu, mzungu wa pili ni malkia. Namba hizo ndizo pointi zake katika wahedusitini, mchezo ambao zipo pointi 120 na ukifikisha 61 umeshinda. Malkia amelazwa chini ya ghulamu na hakuna aliyeandamana. Kuazima ni jambo la kawaida, ila neno la kigeni lilipofika kwetu lilipewa kazi. Ukisema "mzungu wa nne" umeshasema na thamani yake. Ukisema "Ekundu" hujasema kitu. Umetoa sauti tu ya mbali.

Basi mimi nimeamua kuzisoma karata za Jamuraa kwa kazi zinazofanya mezani, majina nikayaweka kando. Na hapo, jamani, mambo yanabadilika.

Tuko watano tunaocheza, kati ya Ukunda na Msambweni. Karata halisi sijaziona dukani huku, na zile za zamani zenye sifa, mfano Lion's Eye Diamond ya Mirage, huuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka huohuo wa 1996 kampuni yenye mchezo iliweka orodha ya karata ambazo iliahidi haitazichapa tena, kwa hiyo bei haina njia ya kushuka. Sisi tunachapa saiba. Karata tisa zinaenea kwenye karatasi moja ya A4, pakiti nzima ya 60 ni kurasa saba, unakata kwa mkasi na kuitia kila moja kwenye kifuko cha plastiki, nyuma yake ukiweka karata ya kawaida ili isimame. Mashindano rasmi hayakubali vitu hivi. Yetu yanakubali, kwa sharti moja: karata za kuanzia Mirage hadi Exodus ya 1998, pamoja na toleo la msingi la wakati huo. Wino wa rangi ni ghali, tunachapa nyeusi na nyeupe. Kwenye meza yetu Ekundu Griffin ni kijivu.

Jambo moja hutokea pale karata zote zinapolingana bei. Mtu hawezi tena kushinda kwa mfuko. Anabaki na swali tupu la kujenga: katika nafasi hizi 60, uweke nini, na ngapi? Sheria inakuruhusu nakala nne za kila karata, ukiacha ardhi za kawaida. Wengi huanza na tamaa, wanatia kila kinachopendeza mojamoja, wakidhani pakiti yenye kila kitu ndiyo yenye jibu la kila kitu. Hesabu yake haina huruma. Mkono wa kwanza ni karata saba. Karata uliyoweka moja tu, una nafasi ya asilimia 12 hivi ya kuanza nayo. Uliyoweka nne, asilimia 40. Ukishaona karata kumi, ile ya pekee bado ni moja kwa sita, na zile nne zimepita nusu. Pakiti yenye kila kitu, kwa hiyo, ni pakiti ambayo hujui ina nini leo.

Mshika mawili, moja humponyoka. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kila nikitembea Diani naona watu wanaoishi kinyume chake. Msimu wa wageni ukiwa juu, mtu ni nahodha wa boti ya kioo asubuhi na mpishi jioni. Wageni wakiondoka anaendesha boda au anarudi shambani. Mimi mwenyewe naandika makala, natafsiri menyu za hoteli, nahariri barua za kuomba kazi. Mama mdogo huniuliza, "Mwanangu, kazi yako hasa ni gani?" Haulizi kwa ubaya. Na swali lake, nikilipeleka kwenye karata, ni bora kuliko methali, maana halinikatazi kushika mawili. Linaniuliza ni nini nilicho nacho nakala nne.

Hapa ndipo Jamuraa inaponifunza. Mirage ina karata ndogo ya kijani, Worldly Tutor. Unalipa nguvu moja tu ya ardhi, unaruhusiwa kutafuta kiumbe chochote ndani ya rundo lako, unakionyesha, unachanga, halafu unakiweka juu kabisa. Zamu ijayo utakiokota. Halafu ikaja Visions na viumbe vyenye kazi wanapoingia tu: Uktabi Orangutan anavunja chombo kimoja, Nekrataal anaua kiumbe kisicho cheusi na kisicho chombo, Man-o'-War anamrudisha kiumbe mkononi mwa mwenyewe. Kila mmoja ni kiumbe na pia ni jibu. Ukiwa na njia ya kumwita, mmoja anatosha. Exodus ikaongeza Survival of the Fittest: lipa kijani kimoja, tupa kiumbe kutoka mkononi, tafuta kiumbe unachokitaka.

Vipande hivyo vilipokutana, mwaka 1998 mjini Seattle, Brian Selden alichukua ubingwa wa dunia. Pakiti yake ilikuwa na Survival na karata nyingine ya Exodus, Recurring Nightmare, ambayo unamtoa kafara kiumbe wako mmoja ili umfufue mwingine aliye kaburini. Unatupa Spirit of the Night, zimwi la Mirage lenye gharama ya ardhi tisa, kama vile unatupa takataka. Ukishalitupa, unatafuta Orangutan au Nekrataal kulingana na tatizo lililo mezani. Zamu inayofuata zimwi linafufuka bila kulipiwa hata ardhi moja kati ya zile tisa. Watu husema pakiti ile ilikuwa na majibu mengi, na ni kweli, ila ukiitazama mifupa yake utaona marudio. Yangu, niliyoijenga kwa kuifuata, ina ardhi 23, ndege wanne wa kutoa rangi zote, kuta nane za aina mbili, Survival nne, Recurring Nightmare tatu na Worldly Tutor tatu. Hizo ni karata 45 za kujirudia. Zinazobaki 15, karibu zote mojamoja, ndizo zinazosifiwa kuwa nyumbufu. Unyumbufu umekaa katika zile 45.

Mtu wa sarufi ataona kilichonifurahisha. Viambishi ni vichache na hurudi kila mara. Mizizi ni mingi, na kila mmoja husubiri kuitwa. Waliyatupa maneno yetu kwenye karata bila viambishi, halafu ndani ya mchezo wenyewe wakajenga viambishi bila kujua.

Si kila jina limepotea njia, nikiri kwa haki. Shauku ni zimwi mnyonya damu, na kazi yake imelingana na jina kuliko mfasiri yeyote angeweza. Ukimweka mezani, kila zamu yako inaanza kwa wewe kupoteza uhai 3, na uhai wote ni 20. Anaweza kumfutilia mbali kiumbe mmoja kila zamu na kunenepa, lakini hashambulii maadamu kuna kiumbe mwingine yeyote mezani, hata wako. Shauku kamili: inakula nyumba yako kwanza, na inataka ibaki peke yake.

Afiya Grove inanisumbua zaidi. Ni kichaka kinachoingia na vihesabio vitatu vya nguvu. Kila zamu kimoja kinahamia kwa kiumbe, na vikiisha, kichaka kinatolewa kafara. Mtu wa Diani akisikia kichaka chenye afya anafikiria Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla hajaingia, na hatoki na kijiti wala jani. Kaya inadumu kwa sababu hakuna anayehamisha kihesabio. Kwa hiyo karata ni uongo juu ya kaya. Ila ni kweli tupu juu ya misitu mingi ya Kwale iliyogeuka mkaa na viwanja: zamu tatu, wenye nguvu wameongezeka nguvu, kichaka hakipo. Sijui kama mchoraji wake alifikiria hivyo, na sihitaji ajue. Kama karata ya kuchezea, hata hivyo, ni dhaifu. Inakupa polepole kitu ambacho mpinzani anaweza kukiua kwa mkupuo, na siiweki kwenye pakiti.

Tuje kwenye ubora wenyewe, maana sifa bila majaribio ni porojo. Rafiki yangu wa Mwabungo anacheza nyekundu tupu, mbwa wadogo wa zamu ya kwanza na moto wa moja kwa moja. Pakiti yake haina swali hata moja ndani. Mchezo wa tatu tulikuwa sare, moja kwa moja. Mimi uhai 4, yeye ana Cursed Scroll, chombo kinachonichoma 2 kila zamu, kwa kuwa amebaki na karata moja mkononi na lazima aitaje sawasawa. Mwisho wa zamu yake nikacheza Worldly Tutor. Niite Spike Feeder anipe uhai 4, au Orangutan avunje chombo? Nikamwita Orangutan. Chombo kikavunjika. Akaokota Fireblast, akatoa kafara milima miwili, uhai wangu 4 ukaisha.

"Ungemwita yule mwingine," akaniambia huku akichanga. Nikamwambia chombo kingeniua tu, na bado nasema hivyo. Kinachonivutia ni kwamba aliweza kusema. Yeye akishindwa na mimi hakuna cha kumwambia. Hakuokota moto, basi. Mimi nikishindwa, daima kuna karata niliyoiacha ndani ya rundo kwa hiari yangu, na watu wanne mezani wanaijua kwa jina. Pakiti nyumbufu inakupokonya kisingizio cha bahati. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo sababu wengine hawaiwezi. Baada ya michezo mitatu wanarudi kwenye mbwa na moto, wakalale.

Kuna karata moja ya baadaye ningependa tuiruhusu mezani kwetu ingawa imepita mipaka ya miaka. Mwaka 2012 lile jina la ajabu, Mwonvuli, lilirudi kwenye Mwonvuli Beast Tracker: mfuatilia nyayo ambaye akiingia anatafuta kiumbe mwenye sifa fulani na kumweka juu ya rundo. Mwavuli ulioharibika tahajia, umepewa kazi hatimaye. Nimepeleka ombi. Wawili wamekubali, wawili wanasema sheria ni sheria, na rafiki wa Mwabungo ni mmoja wa hao wa sheria, bila shaka.

Wakati tunabishana, nimemtoa Shauku. Nafasi yake amechukua Nekrataal wa pili.