Faharasa za Jedwali la Muda

Katika wilaya ya Rungwe, ambako barabara itokayo Mbeya hupita Kyimo kabla ya kufika Tukuyu, majani mabichi ya chai ya wakulima wadogo hupimwa na kupelekwa mapema katika viwanda kama vile Katumba na Mwakaleli, kwa kuwa jani likikawia huharibika. Kila mzani usomwapo huacha rekodi, na mwisho wa mwezi rekodi hizo hujumlishwa ili kila mkulima alipwe haki yake. Hesabu za namna hii ndizo zinazoudhihirisha ufundi ambao haujasifiwa vya kutosha, yaani utunzaji wa faharasa za majedwali ya muda.

Jedwali la muda huundwa ndani ya kanzidata ili kushikilia hesabu za kati, na data yake hutoweka kikao cha kazi kinapofungwa; faharasa ni orodha iliyopangwa inayoonyesha mstari ulipo bila kulipekua jedwali zima. Muundo wake uliozoeleka, mti wa B, ulielezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika makala iliyochapishwa mwaka 1972, na uzuri wake ni kwamba katika mistari 200,000 hatua tatu tu za mti zinatosha kumfikia mkulima mmoja.

Ugumu huanza kanzidata inapohamishwa, kwa mfano kutoka Oracle kwenda PostgreSQL. Katika Oracle, umbo la jedwali la muda la pamoja hudumu pamoja na faharasa zake, na kinachofutika ni data peke yake. Katika PostgreSQL jedwali lenyewe huondoka na faharasa zake, hivyo kila kikao hulazimika kuviunda upya. Anayehamisha data kwa uaminifu wote, akasahau tofauti hiyo, hupata majibu sahihi yanayochelewa mno.

Fundi stadi hujaza jedwali kwanza, kisha huunda faharasa, kwa sababu kuipanga mara moja ni rahisi kuliko kuirekebisha kila mstari unapoingia. Baada ya hapo huamuru takwimu zikusanywe kwa ANALYZE, kazi ambayo mtambo wa kujiendesha wa PostgreSQL hauwezi kuifanya kwenye majedwali ya muda. Bila takwimu hizo, kipangaji, yaani sehemu inayochagua njia ya kutafuta, huchukulia kwamba safu ina thamani tofauti 200. Kwa wakulima 10,000 wenye mistari 20 kila mmoja, hukadiria mistari 1,000 kwa mkulima, na kosa hilo hukua kila jedwali jingine linapounganishwa.

Hata hivyo, ustadi wa juu kabisa umo katika kujizuia. Jumla ya mwezi inayosoma jedwali lote mara moja haihitaji faharasa, na muda wa kuiunda hupotea bure. Ulizo linalomrudia mkulima mmoja mmoja, kukagua makato na kilo zake, ndilo linaloistahili.