Koti Halisi, Swali Nusu

Kuna watu wanaosoma nguo kwa makini kuliko sisi tunavyosoma riwaya. Mpe mkusanyaji koti la Reichsarbeitsdienst, yaani RAD, jeshi la kazi la Ujerumani ya Hitler, na atakaa nalo saa nzima. Atapapasa sufu ya kahawia ya udongo, ataangalia kola iliyokoza zaidi, kisha beji ya mkono wa kushoto yenye umbo la sepetu na namba ya kikosi. Halafu anazima taa na kumulika mishono kwa taa ya UV, ile ya kukagua noti bandia. Nyuzi zikiwaka, anashtuka: dawa za kung'arisha nguo zilienea baada ya vita. Lakini msomaji mzuri hakimbilii hukumu. Koti la kweli lililofuliwa juzi kwa sabuni ya kisasa nalo huwaka.

Utamu uko kwenye makoti yaliyobanduliwa beji, yakaja kushonewa nyingine za zama zilezile. Kila kipande orijino, nguo nzima uongo. Kinachomchoma muuzaji ni vitobo vya sindano visivyolingana na beji, na kitambaa kilicho chini yake kupauka sawa na kwingine. Kusema ukweli, wahakiki wengi wa fasihi hawana subira hiyo.

Lakini baada ya bidii yote, swali linabaki moja tu: ni feki au si feki? Likijibiwa, inatajwa bei. Hapo ndipo naachana nao.

Tazama Triumph des Willens, filamu ya Leni Riefenstahl ya 1935. Maelfu ya vijana wa kazi wamejipanga Nuremberg, wameshika sepetu kama bunduki. Sheria ya kuwalazimisha wavulana miezi sita ilikuja Juni mwaka huohuo. Kamera inawapenda, wanang'aa tu. Koti ni shahidi bora: lina kwapa lililoliwa na jasho, kiwiko chenye kiraka. Na kofia yao, wao wenyewe waliiita "Arsch mit Griff", yaani matako yenye mshikio. Kicheko hicho Riefenstahl hakukirekodi.

Visu vya RAD viliandikwa "Arbeit adelt", kazi hutukuza. Mkusanyaji anapima herufi zilivyochorwa kwenye chuma. Haulizi kazi ilimtukuza nani, ilhali kule Börgermoor, tangu 1933, wafungwa wa kisiasa walikuwa wakichimba kinamasi kwa sepetu pia, chini ya bunduki za walinzi. Hao hawakushonewa beji ya kujivunia.

Na namba ile kwenye mkono wa koti ni kama anwani. Mtu angeweza kuifuata: kikosi kilipiga kambi wapi, kilichimba mtaro gani, mwaka 1938 kilipelekwa kujenga ngome za mpaka wa magharibi au la, na ng'ambo ya mtaro alisimama nani.