Kipime kwa Bando: Mwongozo wa Kutambua Kisimamizi Bora cha Vifurushi

Ukitaka kujua ubora wa kisimamizi cha vifurushi vya programu, kipime mahali ambapo intaneti inanunuliwa kwa bando. Modogashe, pale barabara ya kutoka Garissa inapokutana na ile ya Isiolo kwenda Wajir, panafaa sana. Anayeunganisha kompyuta na simu yake hapo huona kila megabaiti ikitoka mfukoni, na vitegemezi vya hiari ndivyo vinavyomla zaidi.

Anza kwa kuweka git, maana ina vitegemezi vya hiari vya kila aina. Kwenye Debian, apt hugawa vitegemezi katika makundi matatu: vya lazima, vinavyopendekezwa na vinavyodokezwa tu. Tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009, vinavyopendekezwa huingia bila kuombwa. Anayebana matumizi huongeza --no-install-recommends, na mtego uko papo hapo, kwa kuwa miongoni mwa vilivyopendekezwa kwa git kuna ca-certificates. Mashine ikiwa haina kifurushi hicho, git itaingia kimya kimya, kisha itagoma mara ya kwanza unapovuta kazi kupitia https, kwani haina vyeti vya kuithibitisha seva. Kiliwekwa kundi la hiari, na kwa kazi yako kilikuwa cha lazima. Apt haikukuonya, maana inachotoa ni majina matupu: patch, less, gitk, git-svn. Ya nini? Itabidi uulize moja moja kwa apt show.

Hapa pacman ya Arch imeizidi. Kila cha hiari kinakuja na sababu yake: tk ni kwa ajili ya gitk na git gui, openssh ni ya kusafirisha kwa ssh. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kwanza, na kwangu ni nzito kuliko zote. Kasoro ni kwamba maelezo hayo huchapishwa baada ya kifurushi kuwekwa, uamuzi ukiwa umeshapita.

Kwa bei, sifa ziende kwa dnf ya Fedora. Kabla ya kukuuliza kama uendelee, inakupa jedwali ambamo vitegemezi dhaifu, yaani vya hiari, vina kundi lao, kila kimoja na ukubwa wake. Apt hutaja jumla moja ya kupakua. Huwezi kujua lazima imekula kiasi gani na hiari kiasi gani. Apt 3.0 ya mwaka 2025 imeleta safu na rangi, vinavyoondolewa vikiwa vyekundu, na inasomeka vizuri zaidi. Sababu bado hakuna.

Pip ya Python ni dhaifu zaidi. Cha ziada huandikwa ndani ya mabano ya mraba, kama requests[socks], na ni juu yako kukijua mapema, maana wakati wa kuweka haikuonyeshi orodha.

Usisahau kujaribu kuondoa. Kwa kawaida, apt autoremove haigusi kifurushi ambacho kingine kilichopo bado kinakipendekeza au hata kukidokeza, kwa hiyo diski hubaki na mizigo ambayo mwenyewe hukuiomba.

Skrini ninayoidai ina jina, kazi na ukubwa kwenye mstari mmoja, kabla ya swali, na ruhusa ya kukataa kimoja kimoja. Kwa Debian ukubwa tayari umo kwenye faharasa. Sababu ndiyo haijatengewa nafasi katika faili la maelezo ya kifurushi, na wa kuiandika ni mtunzaji wake, anayejua kwa nini alikipendekeza.