Mkeka, Mgunga na Mwanamke wa Balambala: Tathmini ya Ufeministi wa Kiikolojia

Tangu Mfaransa Françoise d'Eaubonne alipoliunda jina la ufeministi wa kiikolojia mwaka 1974, nadharia hiyo imesisitiza kwamba ukandamizaji wa mwanamke na uharibifu wa mazingira vina chimbuko moja, nalo ni mfumo dume. Vandana Shiva, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alikwenda mbali zaidi, akamwona mwanamke wa vijijini India kuwa mlinzi wa uhai wenyewe. Wahakiki wa fasihi wameipokea nadharia hii kwa shauku, pengine kwa shauku iliyozidi kiasi: kila panapotokea mwanamke na mti katika utungo mmoja, hitimisho huwa limekwisha kuandikwa.

Yafaa ipimwe mahali ambapo maisha ya mwanamke na ya mti yamefungamana kweli, kama vile Balambala, ukingoni mwa mto Tana, juu ya mji wa Garissa. Miongoni mwa wafugaji wa Kisomali, nyumba ya jadi, yaani aqal, ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye apindaye fito, asokotaye nyuzi za magome ya migunga na kusuka mikeka ya kuezekea. Siku ya kuhama huibomoa nyumba akaipakia juu ya ngamia, kisha huisimamisha upya malishoni. Vyombo vya maziwa navyo huvifukiza kwa moshi wa miti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi, na asiyejua kuchagua kuni za kufukizia hawezi kazi hiyo.

Je, huo ni ukaribu na maumbile? La, ni ujuzi, nao umepatikana kwa jasho. Tofauti hii si ndogo. Anayedai kwamba mwanamke yu karibu na maumbile kwa tabia yake humfanya naye kuwa sehemu ya maumbile, kama mto au mbuzi, na hivyo hukariri hoja ile ile ya mfumo anaoupinga. Bina Agarwal aliliona hilo mwaka 1992: uhusiano wa mwanamke na mazingira hutegemea kazi afanyayo, mali aliyo nayo na tabaka lake. Tena mgunga huchunwa magome ili nyumba ipatikane. Mwanamke haufanyi mgunga kuwa dada yake. Anautumia, na kesho atauhitaji tena.

Ushahidi ulio bora zaidi umo katika tungo. Andrzejewski na Lewis, katika kitabu chao cha mwaka 1964 kuhusu ushairi wa Kisomali, walizipa tungo za wanaume, hasa gabay, nafasi kubwa kuliko buraanbur za wanawake. Nyimbo za kazi zilishughulikiwa kwa upana baadaye, na Axmed Cali Abokor (1993) na Lidwien Kapteijns (1999). (Wataalamu wa Kiswahili wasiwacheke hao wa kwanza: vave za Wabajuni, nyimbo za wakulima wa kufyeka na kuchoma msitu, hutajwa kwa heshima, ilhali nyimbo za kutwanga huachiwa sentensi moja katika orodha ya tanzu.) Ni kweli kwamba Kapteijns aliwachunguza Wasomali wa kaskazini, wala haifai kuyahamishia matokeo yake Balambala bila uangalifu, lakini mkeka ni ule ule, na kupakia ngamia ni kule kule.

Katika nyimbo hizo mwanamke husema na kazi iliyo mikononi mwake. Huisifu, huihimiza ikamilike, kisha katikati ya sifa hupenyeza lawama juu ya mume, ndoa na uchovu. Usomaji wa kiikolojia huzichukua sifa na kuziacha lawama, na hapo ndipo unapopotea njia. Maneno yasiyoweza kusemwa barazani mbele ya wazee yaliweza kuambiwa mkeka.

Wapo pia wanaofundisha kwamba binadamu wa leo ataponywa kwa kurudi kwenye maumbile na kuishi polepole, akizingatia kila tendo. Ushauri huo huenda ukamfaa mkazi wa Nairobi. Katika eneo la Garissa mvua zilipungua misimu 5 mfululizo tangu mwishoni mwa mwaka 2020, kisha yakaja mafuriko ya mwaka 2023. Hata kijani si jambo jema daima: mathenge, mti wa kigeni uliopandwa Bura miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, umekuwa kichaka cha miiba kinachomeza malisho.

Penye hoja nzito zaidi, nadharia hii imenyamaza. Aqal kwa desturi ilikuwa mali ya mke. Nyumba ya mabati hujengwa na fundi wa kulipwa, na kiwanja chake kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha mume. Kwa badiliko hilo mwanamke anapoteza kazi, wimbo na mali kwa mkupuo mmoja, na jambo hilo laweza kuelezwa bila kumtaka arudi kusuka. Buraanbur yenyewe haijafa. Huimbwa arusini Garissa, Eastleigh na hata Minneapolis, na mhakiki atakayeiendea akitafuta migunga atarudi mikono mitupu, kwani humo wanawake wanasema juu ya jamaa, amani, ughaibuni na siasa.