Kipa Hutazamwa Mpira Ukiwa Mbali

Ruaha Mbuyuni wengi wetu tunaijua kupitia dirisha la basi. Gari linatoka Mikumi, linapita kwenye mibuyu, linavuka daraja, na kabla dereva hajasimama sawasawa mikono imeshajaa madirishani: vitunguu, vitunguu, vitunguu. Abiria ananunua, anarudishiwa chenji au harudishiwi, basi linaondoka kwenda kupambana na mlima wa Kitonga, na habari ya Mbuyuni imeishia hapo. Nyuma ya maduka, upande wa mashamba, kuna kiwanja cha udongo mkavu chenye magoli ya miti yasiyo na nyavu. Jioni, hatua chache kutoka nguzo ya goli moja, huketi mzee juu ya gunia lililokunjwa. Matokeo ya mechi hayamshughulishi. Anamtazama kipa.

Nilimfahamu kwa sababu ya vitunguu, kama watu wanavyofahamiana pale. Vijana humwita Babu, nami nikamwamkia "Kamwene, Babu," akaitikia, tukavutana juu ya bei ya lumbesa, na tulipokubaliana akaniuliza kama naujua mpira. Nikasema kiasi. "Basi njoo jioni, ukae kimya," akasema. Zamani alidakia timu ya kampuni moja kule Mbeya, enzi ambazo kampuni zilikuwa na timu na timu zilikuwa na vikosi vya watoto. Leo hana cheo chochote kwenye soka, hana cheti cha ukocha wala klabu iliyomtuma. Ana daftari la kaunta, kalamu, na jicho. Jicho hilo ndilo ninalotaka kulisifu, maana naona linakwisha nchini.

Kumsaka mshambuliaji hakuhitaji mtu wa aina yake. Mshambuliaji hujitangaza mwenyewe: kafunga, watu wamepiga kelele, hata mpita njia kashuka kwenye baiskeli. Kipa anaweza kucheza dakika 90 akaguswa na mpira mara nne, na katika hizo mbili ni za kurudishiwa na beki wake. Ukimhukumu kwa michomo aliyopangua utamsifu anayeruka sana, na anayeruka sana mara nyingi ni yule aliyekuwa amesimama pabaya tangu mwanzo. Babu hulisema hilo kwa hasira, kana kwamba kuna mtu amembishia. Mpira ukiwa golini kwa wapinzani, shingo zote zimegeukia huko, yeye ndiyo kwanza anafungua daftari. Kijana kasogea mbele pamoja na mabeki wake, au kaegemea nguzo anapiga soga na watoto? Anaongea? Anawaita wenzake kwa majina? Kona ikipigwa kule mbali, miguu yake huku imekaaje?

Kijana anayemfuatilia sasa hakumwona kiwanjani. Alimwona barabarani. Abiria mmoja alichelewa kutoa hela, basi likaanza kuondoka, naye akairusha sarafu dirishani ovyo, juu na pembeni. Watoto watatu wakaitaka. Wawili waliruka huku wamefumba macho. Wa tatu, mwembamba, ana fungu la vitunguu mkono wa kushoto, hakuruka kabisa. Alirudi nyuma hatua mbili fupi, akaingoja ianze kushuka, akaidaka kwa mkono wa kulia, kisha akageukia basi lililokuwa linafuata. "Hakuitazama ile hela," Babu aliniambia. "Alishajua anayo." Siku hiyohiyo alimtafuta mama yake.

Kiwanja hakina nyavu, na nyuma ya goli la upande wa mashamba umepita mfereji wa kumwagilia vitunguu. Bao likiingia, kipa mwenyewe ndiye anayeufuata mpira mpaka mferejini. Kwa watazamaji huo ni muda wa kutaniana na kununua karanga. Kwa Babu huo ndio muda wa kazi. Jioni moja nilikuwepo kijana alipofungwa bao la kijinga. Shuti jepesi lilidunda kwenye kishimo, likabadilika, likapita chini ya kifua chake. Wenzake wakashika viuno. Beki wa kati akamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kijana akageuka akaenda, bila kukimbia na bila kujikokota. Akaingia mferejini, maji yakamfika magotini, akautoa mpira, akausuuza tope, akaufuta kwenye jezi upande mmoja, akaugeuza, akaufuta wa pili. Njia nzima ya kurudi alikuwa anakiangalia kile kishimo. Alipofika hakubishana na mtu. Alikifukia kwa kisigino, akakikanyagakanyaga, akarudi kwenye mstari, akagusa nguzo ya kulia kwa ncha za vidole, akagusa ya kushoto, kisha akachora upya alama yake ya katikati ya goli ambayo vumbi lilikuwa limeifuta. Ndipo akamwita yule beki kwa jina, akamwambia asogee kulia kidogo.

Babu aliandika muda mrefu. Nikaomba kusoma. Hapakuwa na neno lolote kuhusu uzembe wa bao. Alikuwa ameandika: "Kafukia shimo. Kamsemesha beki kabla ya kusemeshwa tena." Chini yake, kwa herufi kubwa: "AMETULIA."

"Na kama angelia?" nikamuuliza.

"Kulia si kosa, mwanangu. Mimi nililia sana. Kosa ni kuomba radhi. Kipa akishaanza kuwaomba radhi mabeki kila bao, mwaka wa pili anaacha mpira anakuwa kondakta."

Sijui makondakta walimkosea nini. Na si kila analolisema nalikubali. Anashikilia kwamba kijana asivae glovu mpaka afike miaka 16, vidole vijifunze mpira kwanza. Mimi nimeviona vidole vya Babu mwenyewe, viwili haviwezi kunyooka, na nadhani hilo ni jambo la umaskini wa zamani lililogeuzwa kuwa busara. Lakini kuhusu urefu yuko sahihi, na wanaokuja na tepu ya fundi cherehani kupima watoto wangemsikiliza. Juma Kaseja si mrefu. Mwaka 2003, kijana mdogo kabisa, alisimama golini jijini Cairo siku Simba ilipowang'oa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penati. Septemba 2019, akiwa KMC na wengi wameshamzika kisoka, aliitwa tena Taifa Stars, mechi na Burundi ikafika kwenye penati, naye akafanya ileile kazi ya Cairo. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka 16. Tepu gani ingeyaona hayo?

Kizazi cha Babu kilikuwa na watu wa kuwaiga. Walimsikia Juma Pondamali kwenye redio, aliyebandikwa jina la Mensah kwa ajili ya Robert Mensah, kipa wa Ghana na Asante Kotoko, na waliposikia kwamba yuko Lagos na Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980, kila mtoto aliyesimama kati ya mawe mawili alikuwa Pondamali. Kisha akaja Mohamed Mwameja, na Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Nyanda za Juu Kusini nazo zilikuwa na mahali pa kuivishia makipa. Ivo Mapunda na Beno Kakolanya walipita Tanzania Prisons ya Mbeya kabla ya kwenda Dar es Salaam kwa wakubwa. Kudakia Uwanja wa Sokoine, mvua ya Mbeya inanyesha, mpira umekuwa mzito na unateleza kama sabuni, ni shule ambayo ada yake hulipwa hadharani mbele ya watu.

Kazi hii ya kumsaka kipa ina ndugu zake mbali sana. Katika hoki ya barafu kipa ndiye mtu anayechukua miaka mingi zaidi kuiva, na wasaka vipaji wa mchezo huo wanakiri kwamba ndiye anayewadanganya zaidi. Wanasimulia habari ya Pekka Rinne wa Finland. Katika klabu ya mjini Oulu alikuwa kipa wa akiba, hapangwi. Msaka vipaji wa timu ya Nashville, Marekani, alikuwa anamwona akipasha misuli tu, kabla mechi haijaanza, kisha kijana anakwenda kukaa benchi. Kwa kumtazama hivyohivyo akawashauri wakubwa wake wamchukue, nao wakamchukua mwaka 2004, akiwa wa 258 kwenye orodha ya vijana waliochaguliwa. Mwaka 2018 alitangazwa kipa bora wa ligi nzima ya Amerika Kaskazini. Nilipomsimulia Babu, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama yule mtu aliongezwa mshahara.

Siku hizi kijana hutumwa kwa simu. Kipande cha dakika mbili, singeli juu yake, anaruka kulia, anaruka kushoto, anapangua, anaamka anapiga kifua. Kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kinafika kwa wakala, na wakala anapiga simu. Katika vipande vyote nilivyoonyeshwa sijapata kuona kijana anayekwenda kuutoa mpira mferejini. Hicho hukatwa, kwa sababu hakipendezi. Akiitwa kwenye majaribio anapewa siku mbili. Akifungwa bao la kijinga siku ya kwanza, jioni yuko stendi anatafuta basi.

Simlaumu Djigui Diarra aliyetoka Mali akaja Yanga mwaka 2021, wala Moussa Camara wa Guinea aliyekuja Simba mwaka 2024. Ni makipa wa kweli, na kipa yeyote mwenye akili hapa nchini amejifunza kwao. Ninachouliza ni nani anawatazama waliokaa nyuma yao. Aprili 2023 Simba ilikuwa na Aishi Manula na Kakolanya, wote wawili wakakosekana, na Ally Salim, aliyekuwa wa tatu, akasimama golini dhidi ya Yanga. Simba ikashinda 2-0. Agosti ya mwaka huohuo, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, akadaka penati tatu za Yanga hao hao. Nchi ilishtuka kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni. Hakuanguka. Kuna kocha wa makipa aliyekuwa akimpigia mipira asubuhi baada ya asubuhi, uwanja mtupu, na huyo jina lake halikuimbwa na mtu.

Na hata Babu akimwandika kijana wake vizuri, amwandikie nani? Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam kule Lindi, mwaka uliofuata ikashuka daraja. Jumamosi za Uwanja wa Samora zilizokuwa zinajaza mji zikapoa. Ihefu ya Mbarali ndiyo iliyoikatia Yanga ule mfululizo wa mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022, Mbarali yote ikalala inaimba. Mwaka 2024 timu hiyo ikageuka kuwa Singida Black Stars, na watu wa Ubaruku, kule Mbarali, wakabaki na uwanja. Wenye hela wanazo sababu zao. Ila kipa hakui kwa kuhamahama. Anataka goli moja, kocha mmoja, na watu wanaokumbuka alivyokuwa mwaka juzi ili waone alichobadilisha mwaka huu.

"Huyu anahitaji miaka minane," Babu alisema, tukimwangalia kijana akikusanya viatu vyake kwenda kumsaidia mama yake kufunga biashara. "Nani siku hizi ana miaka minane?" Daftari lake la sasa linakaribia kujaa. Mengine yako nyumbani, ndani ya sanduku, panya wameshaanza kuyala kingo. Mwanafunzi hana. Wanaokuja kukaa naye kwenye gunia hukaa robo saa, halafu simu inaita.

Kwa hiyo nina ombi kwa vyama vya soka vya Iringa na Mbeya, na kwa maafisa michezo wa Kilolo, Mufindi, Mbarali na kwingineko. Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ikianza tena ngazi ya wilaya, wekeni nyuma ya kila goli mtu mzima mmoja aliyewahi kudaka. Mpeni nauli, chakula cha mchana na daftari. Kazi yake iwe kuwatazama makipa peke yao, wanaocheza na walio benchi, tangu wanapopasha misuli mpaka wanapovua viatu. Gharama yake haifiki bei ya magunia machache ya vitunguu. Na msimuulize jina la kipa bora siku ya fainali. Muulizeni baada ya miaka mitatu, daftari likiwa mkononi mwake.