Ugomvi wa Vina

Waandishi wakigombana, wasomaji hukaa kando na kushangilia kama watu walio uwanjani. Wamarekani wanao ugomvi wao maarufu: Ernest Hemingway alimchora kwa dhihaka rafiki yake F. Scott Fitzgerald katika kitabu kilichotoka mwaka 1964, Fitzgerald akiwa amefariki tangu 1940 na Hemingway mwenyewe tangu 1961. Waligombea sifa. Wetu walibishania jambo zito zaidi: shairi ni nini?

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akasisitiza vina, mizani na kwamba shairi sharti liimbike. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, chenye tungo zisizofuata sheria hizo. Malumbano yakapamba moto. Wahafidhina wakataka tungo hizo zitafutiwe jina jingine. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaja na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kuwa vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi.

Huku kwetu Kilosa nimesikia mara nyingi ikisemwa kuwa huu ulikuwa ugomvi wa pwani na bara: mwenye lugha akilinda mali yake, mgeni akiivunja. Sikubali. Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, aliyeeneza ngonjera zenye vina baada ya Azimio la Arusha, alikuwa Mgogo. Ebrahim Hussein, aliyetunga “Ngoma na Vailini” bila kujifunga kwa vina, ni mtu wa pwani ya kusini. Basi bara ilitoa walinzi, na pwani ikatoa mwasi.

Kwetu jambo hili si dogo. Reli na mashamba ya mkonge yalileta Kilosa vibarua wa makabila mengi, wakaishi na Wasagara, Wavidunda na Wakaguru, na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Kijana mmoja wa Mikumi aliwahi kunionyesha tungo yake juu ya tembo wanaovuka barabara kuu usiku. Haikuwa na vina. Msomaji aliyenitangulia alikuwa ameandika pembeni kuwa mtunzi hajui Kiswahili. Kumwambia mtu tungo yake haina vina ni uhakiki. Kumwambia lugha si yake ni kumfukuza nyumbani.

Hata hivyo, tusiwapambe wanamapinduzi kupita kiasi. Waigaji wao wengi hukata nathari vipande vipande na kuviita mistari. Kwa upande wa pili, wapo wanaojaza maneno yasiyo na kazi ili mizani itimie. Makosa yote mawili yatokana na uvivu wa sikio. Mimi Amri alinizoesha kungojea kina. Kwa hiyo Kezilahabi anapokinyima, nasikia pengo, na pengo lenyewe lina maana. Asiyemsoma wa kwanza humpoteza nusu wa pili.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Wanafunzi wetu sasa hufundishwa ushairi wa kimapokeo na wa kisasa pamoja, na mtihani huwauliza tofauti zao. Ningependa waulizwe pia kila upande ulijifunza nini kwa mwenzake. Yule kijana wa Mikumi nilimwazima diwani zote mbili, nikamwomba aanze na ya Amri.