Dawa ya Deni ni Kulipa: Nyongeza Iliyolizidi Gemu Lake

Ndugu msomaji, najua baadhi yenu mtaguna. Gemu la video kwenye kurasa za fasihi? Haya, guneni. Penye wahusika, msuko na dhamira, mhakiki ana kazi, iwe jukwaani, kitabuni au kwenye kioo cha kompyuta. Isitoshe, shujaa ninayemjadili hapa alizaliwa kwenye jarida. Mwaka 1986 jarida la Fantastyka la Polandi lilichapa hadithi fupi ya Andrzej Sapkowski, mfanyabiashara wa manyoya ambaye hakuwa na jina lolote katika uandishi. Hadithi hiyo ilikuwa imeingia kwenye shindano la jarida na kushika nafasi ya tatu. Hadithi fupi, jamani, siyo riwaya. Ndani yake alikuwemo Geralt, mwindaji wa mazimwi anayefanya kazi kwa ujira.

Kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw ilimtengenezea Geralt magemu matatu ambayo mchezaji anavaa joho la mhusika, anaamua aseme nini, amwue nani na amwachie nani. La tatu, The Witcher 3: Wild Hunt, lilitoka Mei 2015 na likabeba tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards. Oktoba mwaka huohuo ikatoka nyongeza yake ya kwanza, Hearts of Stone. Nyongeza, kwa asiyejua, ni kisa kipya kinachouzwa baadaye na kupachikwa kwenye gemu ambalo tayari unalo. Wenyewe walitangaza kwamba ingechukua saa 10 hivi. Kisa kikuu ni kazi ya saa 50, na ukizurura unapita 100 bila kujijua.

Watu wengi huzichukua nyongeza kama makombo ya karamu. Mimi nasema hapa makombo yana utamu kuliko pilau. Natoa hoja zangu, na kwa kuwa nitafichua mwisho, asiyecheza bado ajihadhari.

Tuanze na kisa kikuu. Geralt anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama mwanawe, ambaye anawindwa na jeshi la mizuka likiongozwa na mfalme wao Eredin. Taharuki ya kutosha, au siyo? Mtoto anakimbizwa na kifo. Lakini gemu hilohilo linakuwekea njiani michezo ya karata, mashindano ya farasi, ngumi za kulipwa na mabango ya vibarua kila kijiji. Baba anasema hana usingizi, halafu anakaa jioni nzima kilabuni anacheza karata. Mwishowe mchezaji anajifunza jambo baya: maneno ya haraka ya wahusika ni ya kuzugia tu. Ciri atangoja. Mshika mbili moja humponyoka, na kinachoponyoka hapa ni taharuki.

Halafu yupo Eredin mwenyewe. Ndiye adui mkuu, lakini anaonekana mara chache, anaongea machache, na akifa huna la kumlilia wala la kumchukia. Ni mhusika bapa aliyevishwa deraya.

Sasa tazama Hearts of Stone. Olgierd von Everec, kabaila aliyegeuka kiongozi wa genge, anamkodi Geralt amwue dudu kwenye mifereji ya maji machafu ya mji wa Oxenfurt. Dudu lenyewe ni chura mkubwa, na chura huyo kumbe ni mwana wa mfalme aliyelogwa. Kibarua kinamtia Geralt matatani, anafungwa, na wa kumwokoa anatokea Gaunter O'Dimm, muuza vioo. Wema wa O'Dimm hauji bure. Geralt anaamka na alama usoni, na deni mkononi: lazima atimize matakwa matatu ya Olgierd ili O'Dimm apate haki ya kuichukua roho ya Olgierd, aliyoahidiwa zamani.

Hebu uangalie ushonaji wake. Olgierd alifilisika, akanyimwa mchumba wake Iris, na Iris akaposwa na mwana wa mfalme. Huyo ndiye aliyelogwa akawa chura. Olgierd akaingia mkataba na O'Dimm, akapata mali, akamwoa Iris, na nduguye Vlodimir akafa kama sehemu ya malipo. Moyo wake ukawa jiwe, akashindwa hata kumpenda mke aliyemgharimu yote hayo. Kwa hiyo kazi ya saa ya kwanza, ambayo inaonekana ya kutafutia mkate tu, tayari ni kipande cha msiba mzima. Hakuna uzi uliolegea.

Matakwa matatu yenyewe ni mtihani wa fani. La kwanza ni kumstarehesha Vlodimir, ambaye ni marehemu. Mzuka wake unauazima mwili wa Geralt na kwenda nao harusini. Geralt yule wa uso mkavu anacheza ngoma, anatania, anafukuza nguruwe. Ni kichekesho kitupu, na chini yake kuna kaburi. La pili ni wizi kwenye nyumba ya mnada. La tatu ni kuleta ua ambalo Olgierd alimpa Iris walipoachana. Iris naye amekwisha kufa, amebaki kivuli ndani ya ulimwengu wa picha alizochora mwenyewe, na ua lile ndilo linalomshikilia. Ukilichukua, ulimwengu wake unakwisha naye pamoja. Ukimwachia, anabaki na huzuni yake. Hapo hakuna alama za ushindi za kukusaidia kuchagua.

Jambo linalonivutia zaidi ni namna waandishi walivyotatua tatizo la kila nyongeza. Shujaa anaingia humo akiwa kiwango cha 30 na kuendelea. Ameua kila kitu. Utamtishia nini? Mwandishi mvivu huleta zimwi kubwa zaidi. Hawa walileta mtu mwenye upara na nguo za machinga, ambaye upanga haumfai kitu. Kuna wakati anapiga makofi kilabuni, muda unasimama, na mlevi aliyemkatiza maneno anachomwa kijiko cha mti jichoni huku Geralt akitazama tu. Baada ya hapo hakuna haja ya kukueleza kwamba mtu huyu ni wa kuogopwa. Na mwishoni, ukiamua kuiweka roho yako rehani kumwokoa Olgierd, vita ni kitendawili. Unapewa muda mfupi, na muda huo unakwisha kwelikweli. Deni lina tarehe.

O'Dimm hakuokotwa. Alikwisha kutokea mwanzoni kabisa mwa kisa kikuu, kwenye kilabu cha kijiji cha White Orchard, akamwelekeza Geralt njia kisha akatoweka. Sharti lake kwamba atamchukua Olgierd watakaposimama juu ya mwezi nalo linatoka katika ngano ya Wapolandi ya Bwana Twardowski, aliyemwuzia shetani roho na kuishia mwezini. Huko ndiko kuchimba kisima uani kwako.

Mtu atanibishia: nyongeza imekula chakula kilichopikwa na mwingine, bila kisa kikuu tusingemjua Geralt. Kweli. Lakini kisa kikuu nacho kilimrithi Geralt kutoka vitabuni, na bado kikayumba. Tena angalia sehemu yake inayokumbukwa na kila mtu: Baroni wa Velen, mlevi aliyempiga mkewe mpaka mimba ikatoka, akalazimika kumbeba mikononi mwake kiumbe kilichotokana na mimba ile na kukizika. Ile ni nini kama siyo hadithi fupi iliyojificha ndani ya gemu kubwa? Ina deni, ina mdaiwa, ina siku ya kulipa. Kisa kikuu kinang'aa pale kinapokubali kuwa kidogo.

Nyongeza ya pili, Blood and Wine ya Mei 2016, ilileta nchi mpya nzima na ikashinda tuzo ya gemu bora la kuvaa uhusika mwaka huo. Ni nzuri, siikatai. Lakini imerudia tabia ya kisa kikuu: mashamba mengi, jembe moja.

Kwa nini nawaambia haya ninyi mnaoshika kalamu? Kwa sababu namjua zaidi ya mmoja kati yetu mwenye utatu wa riwaya kichwani na hadithi fupi tatu nzuri kwenye droo anazoziona aibu. Anaziita mazoezi. Tumezoea kupima kazi kwa unene wa mgongo wake, na kurasa chache za jarida tunazigombea huku tukizidharau.

Mshikaji, zitoe. Zipitie kwa swali moja: mhusika wangu anadaiwa nini, na nani atakuja kudai? Kama jibu lipo, kurasa 10 zinatosha. Kama halipo, hata 600 hazitakusaidia.